KUCHAGUA BETRI MPYA YA SOLA: HESABU KWANZA, FEDHA BAADAYE

Haya ni mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na kikundi kimoja cha kisomo katika tarafa ya Turiani, wilaya ya Mvomero, mkoa wa Morogoro. Tunayachapa ili na vikundi vingine vyenye taa za sola viyasome na kuyajadili.

 

Leo sikuja kuwafundisha kusoma. Kusoma mnajua. Nimekuja tutumie kusoma kwenyewe, na hesabu tulizojifunza, kwa jambo lililo mbele yetu.

Jambo lenyewe mnalijua. Nguzo za umeme zimefika vijiji vingi vya Turiani, lakini kitongoji hiki bado kipo mbali nazo. Darasa letu linawaka kwa sola. Mchana tupo mashambani, kwenye mpunga na miwa. Hatuna saa ya kusoma ila usiku. Sasa taa zinazimika kabla somo la kwanza halijaisha. Na mradi wa kuchaji simu, ambao ndio unatununulia chaki na madaftari, umesimama.

Mmechanga fedha za kununua betri nyingine. Nimesikia kwamba mna njia tatu mbele yenu. Ya kwanza, kuna mtu anauza betri ya gari iliyotumika, kwa bei ndogo. Ya pili, kuna betri mpya ya gari dukani. Ya tatu, kuna betri ya sola, ambayo bei yake imewatisha baadhi yenu. Mmeniuliza: tuchukue ipi?

Sitawajibu kwa neno moja. Fedha ni zenu na uamuzi ni wenu. Lakini tukae tupige hesabu pamoja, halafu jibu mtaliona wenyewe.

JE, BETRI IMEKUFA KWELI?

Kabla ya kununua, tujiulize swali hili. Mara nyingi betri inalaumiwa kwa kosa la mwingine. Basi tuanze na kukagua.

Tazameni paneli juu ya paa. Je, ina vumbi au kinyesi cha ndege? Je, mwembe uliokuwa mdogo miaka mitatu iliyopita sasa umekua na kutia kivuli? Kivuli kidogo tu juu ya paneli hupunguza umeme mwingi.

Tazameni nyaya. Je, zimelegea? Je, vichwa vya betri vimeota unga mweupe au wa kijani? Unga huo huzuia umeme kupita. Fungueni nyaya, safisheni kwa maji ya moto na brashi, kausheni, kisha kazeni tena.

Baada ya hapo ijaribuni betri. Iacheni ijazwe na jua kwa siku mbili bila kuwasha kitu. Usiku wa pili ipumzike. Asubuhi, kabla jua halijapanda, fundi aitenge na paneli na apime kwa mita. Betri ya volti 12 yenye risasi na asidi, ikiwa imejaa na imepumzika, huonyesha kama volti 12.7. Ikiwa nusu, huonyesha kama 12.2. Ikiwa chini ya 12, ujue imekaribia kuwa tupu.

Sasa washeni taa. Ikiwa mita ilisema betri imejaa, lakini taa zinazimika baada ya saa moja, basi hapo betri imechoka kweli. Haina tena mahali pa kuweka umeme.

Nasikia mzee hapa mbele anasema walishafanya hivyo na fundi, na betri ikashindwa. Vema. Basi tuendelee.

BETRI NI GHALA

Betri haitengenezi umeme wake yenyewe. Umeme unatoka kwenye jua kwa njia ya paneli. Betri ni ghala tu. Mchana tunaweka, usiku tunatoa.

Betri ya kuchajiwa ya aina hii ilibuniwa na Mfaransa aliyeitwa Gaston Planté mwaka 1859. Mpaka leo kanuni yake ni ile ile. Ndani kuna mabamba ya madini ya risasi. Mabamba hayo yamezama ndani ya maji yenye asidi. Betri inapojazwa, mabamba na asidi hubadilika. Unapowasha taa, hubadilika tena kurudi nyuma, na umeme hutoka.

Sasa sikilizeni jambo kubwa. Mkulima mwenye akili hali mpunga wote ulio ghalani. Anabakiza mbegu. Akila mbegu, mwaka unaofuata hana cha kupanda. Betri ya risasi nayo ni hivyo hivyo. Nusu ya juu ni chakula. Nusu ya chini ni mbegu. Ukitumia nusu ya juu tu na kujaza tena kesho yake, betri itakaa miaka. Ukiikausha kila usiku mpaka taa zizimike zenyewe, unakula mbegu. Mabamba hushika ukoko mgumu, na ukoko huo ukizidi hautoki tena.

BETRI YA GARI NA BETRI YA SOLA

Mtauliza: mbona betri ya gari nayo ni volti 12, na nayo ina risasi na asidi? Tofauti iko wapi?

Tofauti iko kwenye kazi. Mnawajua watu wa mbio fupi shuleni. Anakimbia mita mia kama mshale, kisha anapumzika. Mnawajua pia wale wanaoshuka na ndizi kichwani kutoka milima ya Nguru. Mwendo wao ni wa taratibu, lakini wanafika na mzigo. Usimpe mkimbiaji mkungu wa ndizi ashuke nao mlimani. Atachoka njiani.

Betri ya gari ni mkimbiaji. Kazi yake ni kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ili injini iwake. Injini ikishawaka, gari lenyewe linaijaza tena pale pale. Kwa hiyo mabamba yake ni membamba na mengi, na haikuundwa ili itolewe umeme mpaka chini.

Betri ya sola ni mbeba ndizi. Mabamba yake ni mazito. Inatoa umeme kidogo kidogo kwa saa nyingi, na inavumilia kutolewa na kujazwa kila siku. Hata Ulaya na Marekani, wale wanaosafiri na nyumba za magurudumu zinazovutwa na gari huweka betri ya aina hii kwa ajili ya taa zao za usiku. Betri ya kuwashia injini inabaki na kazi yake.

Utazitambuaje dukani? Soma. Betri ya sola huandikwa SOLAR au DEEP CYCLE. Betri ya gari mara nyingi huandikwa CCA, yaani nguvu yake ya kuwasha injini. Namba kama N50 au N70 nazo ni majina ya ukubwa wa betri za magari. Lakini msiamini neno SOLAR peke yake, maana karatasi hubandikwa na mtu yeyote. Tutaona jinsi ya kuhakikisha.

Na ile betri ya gari iliyotumika? Huyo ni mkimbiaji aliyekwisha kuzeeka, na hatujui alikimbia wapi. Mwenye gari aliitoa kwa sababu. Jamani, wahenga walisema: rahisi huvunja upishi.

HESABU YETU

Sasa tufungue madaftari. Tunataka kujua ghala la ukubwa gani linatutosha.

Kila chombo cha umeme kina namba ya wati. Wati ni ulaji wake. Zidisha wati kwa saa unazokitumia, utapata wati-saa, yaani ulaji wa siku nzima. Hebu tuhesabu vya kwetu.

Taa 4, kila moja wati 5, zinawaka saa 3:
4 x 5 x 3 = 60

Redio moja ya wati 5, saa 4:
5 x 4 = 20

Simu 10 kwa siku, tuseme kila moja inakula wati-saa 10:
10 x 10 = 100

Jumla: 60 + 20 + 100 = 180

Kwa hiyo tunakula wati-saa 180 kwa siku. Angalieni vizuri. Kumbe simu zinakula zaidi ya taa na redio kwa pamoja! Hesabu imetuonyesha jambo ambalo macho hayakuliona.

Ukubwa wa betri huandikwa kwa herufi Ah, yaani ampea-saa. Betri ya 60 Ah inaweza kutoa ampea 3 kwa saa 20. Ili kubadili wati-saa kuwa ampea-saa, gawa kwa volti za betri. Betri yetu ni ya volti 12.

180 gawanya kwa 12 = 15

Basi siku moja tunahitaji ampea-saa 15. Lakini je, jua linawaka kila siku? Sisi wa Turiani tunajua masika yalivyo. Mwezi wa Machi mpaka Mei mawingu hukaa juu ya mlima, na siku nyingine jua halionekani. Tuweke akiba ya siku mbili:

15 x 2 = 30

Na ile mbegu? Tumesema tunatumia nusu tu. Basi ghala liwe mara mbili ya chakula:

30 x 2 = 60

Hilo ndilo jibu letu. Tunahitaji betri ya sola ya volti 12, yenye 60 Ah au zaidi kidogo. Mkifika dukani muuzaji akawaambia chukueni ya 200 Ah, mtamwuliza: ya nini? Akiwapa ya 20 Ah, mtamwambia: haitoshi. Hamtasema kwa kubahatisha. Mtasema kwa daftari.

PANELI NAYO IULIZWE

Mama mmoja anauliza: kwa nini tusinunue kubwa kabisa ili tupumzike?

Swali zuri sana. Jibu ni hili: nani ataijaza? Ukiwa na pipa kubwa na kikombe kidogo, pipa halijai. Betri ya risasi ambayo haijai kwa majuma mengi hushika ule ukoko na kufa, hata kama ni mpya, hata kama ni ya bei kubwa.

Tuhesabu paneli. Tuseme kwa siku tunapata saa 4 za jua kali. Paneli ya wati 20 itatoa:

20 x 4 = 80

Sisi tunakula 180. Haitoshi. Paneli ya wati 80 itatoa:

80 x 4 = 320

Hiyo inatosha kurudisha tulichokula, na kufidia umeme unaopotea njiani na siku za mawingu. Kwa hiyo msomeni na huyo rafiki wa juu ya paa. Maandishi yake yapo nyuma ya paneli. Kama paneli ni ndogo, kununua betri peke yake ni kupoteza fedha. Ama ongezeni paneli, ama punguzeni simu.

BETRI ZA SOLA NAZO NI AINA TATU

Aina ya kwanza ni betri ya maji. Ina vifuniko juu. Maji yake hupungua, na lazima yaongezwe. Huongezwa maji ya betri yaliyosafishwa, yanayouzwa dukani. Maji ya kisima au ya mto yana chumvichumvi, yanaharibu mabamba. Na asidi haiongezwi, kwa sababu kinachopungua ni maji. Betri hii inafaa penye mtu wa kuikagua kila mwezi.

Aina ya pili ni ile tunayoiita betri kavu. Imefungwa, haiongezwi maji. Huandikwa AGM au GEL. Haina kazi nyingi, lakini ndani bado ni risasi na asidi. Kanuni ya nusu na mbegu inabaki pale pale.

Aina ya tatu ni betri ya lithiamu. Kwenye karatasi yake mtaona herufi LiFePO4. Ni nyepesi, na inavumilia kutolewa umeme zaidi, hata sehemu 8 katika kila 10. Kwa hesabu yetu, badala ya 60 Ah tungehitaji kama 40 Ah tu. Ikiwa nzuri hukaa miaka mingi. Lakini bei yake ya kununulia huwa juu zaidi. Pia kontrola, kile kisanduku kinachosimama kati ya paneli na betri, lazima kiwe na nafasi ya kupangwa kwa ajili ya lithiamu. Msiifunge kwa kontrola yoyote mliyo nayo bila fundi kuangalia.

BEI NDOGO NA BEI KUBWA

Hapa ndipo wengi wetu tunakwama. Mama Mweka Hazina ananitazama. Haya, tuhesabu. Bei nitakazotaja ni za mfano wa hesabu tu. Bei ya kweli mtaiuliza wenyewe katika maduka matatu, iwe Turiani, Dakawa au Morogoro mjini.

Tuseme betri mpya ya gari ni Sh. 120,000. Kwa kazi yetu ya kila usiku, tuseme itakaa mwaka 1.
120,000 gawanya kwa 1 = Sh. 120,000 kwa mwaka.

Tuseme betri ya sola ni Sh. 240,000. Ikitunzwa, tuseme itakaa miaka 4.
240,000 gawanya kwa 4 = Sh. 60,000 kwa mwaka.

Tuseme ya lithiamu ni Sh. 480,000, na itakaa miaka 8.
480,000 gawanya kwa 8 = Sh. 60,000 kwa mwaka.

Mmeona? Betri iliyoonekana rahisi ndiyo iliyo ghali mara mbili. Tena hatujahesabu nauli ya kuifuata nyingine, wala usiku ambao darasa litakaa gizani. Kwa hiyo msiulize tu "bei gani?" Ulizeni "bei gani kwa mwaka?"

Na kama fedha hazitoshi betri ya sola ya 60 Ah? Basi tusubiri mavuno, au tununue ya 40 Ah tupunguze matumizi yalingane nayo. Tukichaji simu 4 badala ya 10, ulaji wetu utakuwa 60 + 20 + 40 = 120. Gawa kwa 12, tunapata 10. Siku mbili ni 20. Mara mbili ni 40. Betri ndogo iliyo sahihi inashinda betri kubwa isiyo sahihi.

MKIFIKA DUKANI

Wachagueni watu watatu waende pamoja: mmoja anayejua kusoma maandishi madogo, mmoja wa hesabu, na fundi. Wafanye mambo haya:

1. Wasome karatasi. Volti ni 12? Ah ni ngapi? Imeandikwa ni ya sola? Kama ina CCA, waulize zaidi.

2. Watafute tarehe ya kutengenezwa. Betri ya risasi iliyokaa dukani mwaka mzima bila kuchajiwa imeanza kufa ikiwa mpya.

3. Wapime kwa mita. Betri mpya ya risasi ikiwa chini ya volti 12.4, ijazwe kwanza na kupimwa tena, au wachague nyingine.

4. Waipime uzito. Risasi ni nzito. Betri ya risasi ya 100 Ah huwa na kilo 25 hadi 30 hivi. Ya 60 Ah itakuwa zaidi ya nusu ya hapo. Mkiambiwa ni 100 Ah na mtoto anaibeba kwa mkono mmoja, mjue ndani hakuna kitu. Mizani ya kupimia mpunga inatosha kwa kazi hii. Ila kwa lithiamu kipimo hiki hakifai, kwa kuwa yenyewe ni nyepesi.

5. Waitazame. Isiwe imevimba, imepasuka, au inavuja.

6. Wadai risiti yenye jina la duka, tarehe, aina ya betri na muda wa dhamana. Bila risiti, dhamana ni maneno ya mdomo tu. Risiti itunzwe na Katibu, na nakala kwa Mweka Hazina.

KUIFUNGA NA KUITUNZA

Betri ikifika, isifungwe pamoja na ile ya zamani. Betri chovu huivuta mpya mpaka zote zinachoka.

Iwekwe mahali penye kivuli na hewa, juu ya ubao, mbali na watoto. Isiwekwe chini ya bati lenye joto. Joto hufupisha maisha ya betri. Isiwe karibu na jiko, kibatari au sigara. Betri ya asidi inapochajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka.

Waya wa jumlisha uende kwenye jumlisha, na wa toa kwenye toa. Karibu na betri iwekwe fyuzi, ili nyaya zikigusana isizuke moto. Na kila kitu kipite kwenye kontrola. Najua kuna watu huunganisha taa moja kwa moja kwenye betri ili zisizimwe na kontrola. Kontrola ikizima taa, inalinda mbegu yenu. Msiikwepe.

Asidi ikimrukia mtu ngozini au machoni, aoshwe hapo hapo kwa maji mengi safi, kwa dakika 15 au zaidi. Ikiwa ni machoni, apelekwe hospitali bila kuchelewa.

BETRI YA ZAMANI ITAKWENDA WAPI?

Ndugu zangu, hapa nawaomba masikio yote. Betri iliyokufa bado ina sumu. Risasi ni sumu. Ikiingia mwilini kwa vumbi, kwa moshi au kwa maji, huharibu damu, figo na ubongo. Watoto ndio huumia zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Haya si maneno ya kutishana. Katika mji wa Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, nchini Senegal, watu walikuwa wakichimba na kuchekecha udongo uliojaa mabaki ya betri ili wauze risasi. Kazi nyingine waliifanya ndani ya nyumba zao. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18.

Na jirani zetu wa Kenya? Katika kijiji cha Owino Uhuru, mjini Mombasa, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za zamani. Moshi na maji machafu vikawaingia wananchi, na watoto wakaugua. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Wananchi walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mama aliyewaongoza, Phyllis Omido, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, na mtoto wake mwenyewe alidhurika. Fedha hizo ni nyingi, ndiyo. Lakini hazimrudishii mtoto ubongo wake.

Kwa hiyo tukubaliane hapa leo. Betri ya zamani haivunjwi. Risasi yake haiyeyushwi kwenye sufuria ili kutengeneza vizito vya nyavu au kitu kingine. Asidi yake haimwagwi shambani wala kwenye mto Diwale, tunakochota maji. Kasha lake halitumiki kunyweshea kuku. Ibebwe nzima, imesimama wima, irudishwe dukani au iuzwe kwa mnunuzi mwenye kibali. Waulizeni wenye duka kama watapunguza bei ya betri mpya mkiwapa ya zamani. Maduka mengine hufanya hivyo. Hapo sumu inaondoka kijijini, na fedha kidogo inarudi mfukoni.

TUAMUE SASA

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Nilipokuja mlikuwa na njia tatu. Betri ya gari iliyotumika, tumeona ni mkimbiaji mzee. Betri mpya ya gari, tumeona inatugharimu mara mbili kwa mwaka. Betri ya sola ya 60 Ah, au ndogo yake tukipunguza simu, tumeona inalingana na kazi yetu, ili mradi paneli iweze kuijaza.

Sasa daftari liko mezani. Kila mwanakikundi alisome, apige hesabu mwenyewe, na atakayeona kosa aseme. Hiyo ndiyo faida ya kujua kusoma. Muuzaji hawezi kutuambia lolote kwa sababu tu sisi ni watu wa shamba.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taa na simu zenu hula wati-saa ngapi kwa siku? Andikeni hesabu yote.

2. Kwa nini tunasema nusu ya chini ya betri ni mbegu?

3. Nyumba moja ina taa 3 za wati 5, zinazowaka saa 4, na haina kitu kingine. Wakiweka akiba ya siku mbili, wanahitaji betri ya sola ya Ah ngapi? (Jibu: 20.)

4. Kijijini kwenu betri zilizokufa hutupwa wapi? Nani atazikusanya, na zitapelekwa wapi?